Hatua Sabini kwa Sabini

Siku mliyoniaga nikistaafu pale ofisi ya kata mlinipa kipaza sauti, mkaniomba neno la hekima. Nikasema asanteni, nikaketi, nikaendelea na wali wangu. Mlidhani ni haya. Kumbe nilikuwa na neno moja tu ambalo lingewafaa, na halikuwa la kusemwa mbele ya watu wenye soda mkononi. Nimeona niliandike. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha, maana hata zilipokuwa mbichi hazikuwa tamu.

Nilifika kijijini mwanzoni mwa miaka ya tisini, ukishapita Kisesa unaelekea Magu, kisha unaacha lami na kuingia ndani kwa baiskeli. Nilikuwa na sanduku la bati, cheti cha chuo cha kilimo, na mabuti yaliyonizidi namba mbili kwa sababu stoo haikuwa na mabuti ya wanawake. Mimi ni mtu wa Ukerewe, Kisukuma changu kilikuwa cha kununulia nyanya. Tena ni mfupi. Mnaonijua mtacheka, lakini naomba mlikumbuke hilo la ufupi, litarudi.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Bujiku, bwana shamba wa siku nyingi, mrefu kiasi cha kuinama kila mlango. Hakunipeleka ofisini. Alinipeleka shambani moja kwa moja, sanduku langu likabaki kwa mtendaji wa kijiji, akanionyesha jinsi ya kupima eka. Futikamba ya ofisi ilikuwa imekatika zamani, na kipande kilichobaki karani alikuwa anafungia mafaili. Kwa hiyo tulipima kwa miguu. Eka ni hatua sabini kwa sabini. Unahesabu hatua za urefu, unahesabu za upana, unazidisha, unagawa kwa elfu nne mia tisa. Hivyo ndivyo nchi nzima ilivyopimwa, msije mkadhani ni ushamba wetu.

Alitembea yeye kwanza, halafu mimi. Aliniangalia nikitembea, akakuna kidevu.

"Vuta mguu, binti," akasema.

"Navuta, mzee."

"Huvuti. Vuta kama unaruka mfereji."

Niliudhika. Tangu shule ya msingi nilikuwa nimechoka kuchekwa urefu wangu, na nikaona huyu naye ameanza. Tena nilijiambia kwamba kuruka mifereji isiyokuwepo ni kudanganya kipimo. Chuoni walitufundisha kupima kwa hatua ya kawaida, na hatua yangu ya kawaida ndiyo hiyo niliyozaliwa nayo. Nikaendelea kutembea nitakavyo.

Mengine yote nilimsikiliza. Alinifundisha kupasua kitumba cha pamba kwa ukucha kumtafuta funza kabla hajaonekana kwa nje, na kupuliza dawa asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaamka. Alinifundisha pia kwamba bomba la kupulizia linakula betri nane, na kwamba ukimkabidhi mkulima betri nane Jumamosi, Jumapili utasikia mahubiri na matokeo ya mpira kutoka kila nyumba. "Wape Jumatatu asubuhi," alisema, "na usimame hapo hapo." Ushauri huo nimeufuata mpaka betri zenyewe zilipotoweka.

Halafu likaja soko huria. Ninyi mmelisoma kwenye vitabu, na kwenye vitabu lina mwanzo, katikati na mwisho. Sisi tuliokuwa ndani yake hatukuona hata kimoja. Zamani mambo yalikuwa na njia moja: chama cha msingi cha ushirika kilileta mbegu na dawa, chama hicho hicho kikanunua pamba. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao chini ya maturubai, chama kikafunga mlango, na hakuna aliyejua dawa itatoka wapi. Tukaambiwa ruzuku imefutwa. Baada ya miezi michache tukaambiwa haijafutwa, imebadilishwa jina. Barua moja ilisema dawa ya bei nafuu itagawiwa kwa kila eka. Kabla hatujamaliza kuisoma kijijini ikaja nyingine kwamba itagawiwa kwa wakulima wadogo tu. Ya tatu ilituagiza tusubiri maelekezo, na hayo maelekezo nadhani mpaka leo yako njiani. Mkulima akiniuliza, nilikuwa najibu kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa sijui. Nilivaa miwani ya jua siku za mikutano ili wasione macho yangu.

Katikati ya vurugu hizo Mzee Bujiku akapunguzwa kazini. Walimpa barua ya nusu ukurasa. Nilimsindikiza mpaka lami, yeye akirudi kwao Sengerema kwa kivuko cha Busisi, akanikabidhi daftari la wakulima, lile kubwa lenye jalada jeusi. Kila mkulima alikuwa na mstari wake: jina, eka, tarehe ya kupanda, na mwisho nafasi ya maoni. "Kila kitu kimo humu," akaniambia. Nikamwamini, ila nilisahau kwamba eka zilimo kwa hatua zake.

Msimu uliofuata ndipo ikaja barua iliyonyooka kuliko zote. Dawa ya ruzuku itatolewa kwa mkulima wa pamba asiyezidi eka tano, kwa kiasi kinacholingana na eka zake. Atakayezidi eka tano atajitegemea. Mashamba yote yapimwe upya na bibi shamba mwenyewe, orodha za zamani zisitumike. Jamani, nilifurahi! Hatimaye barua inayoeleweka, na kazi ninayoiweza. Nilipima kijiji kizima kwa wiki tatu, jua na mvua, hatua kwa hatua, bila kumpendelea mtu. Sijawahi kufanya kazi kwa uaminifu kama ule.

Ajabu ni kwamba mashamba yalikuwa yamekua. Aliyeandikwa eka mbili na Mzee Bujiku, mimi nilimpata na tatu. Aliyeandikwa tatu alifika karibu tano. Nilishangaa kidogo, nikajieleza kwamba watu wamefyeka pembeni, au mzee alikuwa ameanza kuchoka na kukadiria. Wakulima hawakulalamika hata kidogo. Eka zikiongezeka na dawa inaongezeka, nani atapiga kelele? Waliniletea kuku. Mmoja aliniambia tangu uhuru hawajapata mtaalamu mwenye macho kama yangu, nami nikaamini, kwa kuwa sifa ya mjinga haina makato.

Waliovuka eka tano walikuwa wanne. Watatu walikuwa wanaume wenye wake zaidi ya mmoja, na kabla wino haujakauka walikwishagawa mashamba kwa majina ya wake zao, kila mke na eka zake mbili, wakarudi kwenye orodha wakitabasamu. Wa nne alikuwa Mama Minza.

Mama Minza alikuwa mjane, amenizidi umri kama miaka kumi. Mumewe alimwachia binti huyo Minza, shamba lile, na ng'ombe wawili wa kulimia. Yule wa kulia aliitwa Dereva na wa kushoto aliitwa Konda, na kweli Konda alikuwa hatembei mpaka Dereva aanze. Kwa jozi ile alikuwa anamaliza kulima kabla ya wanaume wengi, kisha analimia wengine na kupata chakula cha mwaka. Mzee Bujiku alimwandika eka nne. Mimi nilipata hatua mia moja sabini na saba kila upande. Piga hesabu mwenyewe, ni eka sita na karibu nusu.

Alinifuata ofisini, akakaa kwenye benchi, akaweka khanga yake sawa.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, Bibi Shamba. Nimekuja kuuliza. Shamba langu limekua lini?"

"Halijakua, mama. Limepimwa vizuri tu."

"Marehemu alipimiwa na Bujiku. Eka nne. Mimi sijaongeza hata tuta. Upande huu kuna njia ya mifugo, upande ule kuna makaburi yetu. Nimeongezea wapi?"

"Mzee Bujiku alikosea."

"Bujiku alikosea," akarudia polepole. "Na wewe hukukosea."

"Tulihesabu pamoja, mama. Ulikuwepo. Mia moja sabini na saba."

"Nilikuwepo. Hesabu ilikuwa sawa." Akasimama. "Bila dawa funza watamaliza pamba, Bibi Shamba. Na pamba ikiisha kitakachofuata ni ng'ombe. Nakuomba uwe unajua hivyo."

Nikamwambia aombe tena msimu ujao. Nilisema kwa upole, na upole huo ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu nilijiona mtu mwema.

Funza walikuja mwaka ule kwa wingi. Mama Minza alimpeleka Dereva mnadani, akanunua dawa kwa mchuuzi aliyekuwa anazunguka na chupa zisizo na karatasi. Hilo nalo lilikuwa soko huria. Ilinuka kama dawa, ikawa nyeupe kwenye maji kama dawa, na funza waliendelea kula kana kwamba wamepuliziwa chai. Alivuna pamba ya kujaza magunia mawili. Niliposikia nilisikitika, nikasema maskini, nikaendelea na shughuli zangu. Watu huuza ng'ombe kila siku.

Baada ya ugawaji kwisha akaja afisa kutoka wilayani, kijana mpole mwenye futikamba mpya inayong'aa. Ofisini kwao walikuwa wameshangaa kijiji kuongeza eka zaidi ya nusu bila kuongeza ardhi. Alidhani kuna wizi. Nilimwonyesha daftari langu kwa kiburi, nikamwambia achague shamba lolote. Akachagua lililokuwa karibu. Futikamba ikasema kingine. Akachagua la pili, vilevile. Akanishangaa, nami nikamshangaa, tukaishangaa futikamba. Mwisho akaniomba nitembee hatua sabini huku yeye amesimama.

Nilitembea. Akaja nyuma yangu akivuta ule utepe, akausoma, akausoma tena.

"Mita hamsini na mbili na nusu," akasema. "Dada yangu, eka inataka sitini na nne hivi. Hii yako ni eka ya wapi?"

Waliokuwepo walicheka mpaka wakashika matumbo. Nami nilicheka, maana ningefanya nini. Lakini masikio yalikuwa yanawaka moto, na humo ndani nilisikia sauti ya Mzee Bujiku: vuta mguu, binti. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ananifundisha kazi. Hatua sabini ziliwekwa na watu wenye miguu mirefu, na mtu mfupi asiporuka mfereji anampimia mkulima eka ambayo haipo.

Tulirudia mashamba yote kwa futikamba. Waliokuwa wamepata dawa ya ziada walinuna, lakini dawa ilishapulizwa, huwezi kuirudisha kwenye chupa. Shamba la Mama Minza likawa eka nne na theluthi. Hakuwa amevuka eka tano hata mara moja, isipokuwa chini ya miguu yangu.

Mtauliza kama nilikwenda kumwambia. Nilipanga kwenda. Siku tuliyolipima hakuwepo, alikuwa amekwenda kupalilia shamba la mtu kwa kibarua. Nikasema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu ikaja barua kwamba mpango mzima umesitishwa, dawa sasa ni ya kununua dukani, orodha zote zichanwe. Nikajiuliza, sasa nimwambie nini? Kwamba ulikuwa na haki ya kitu ambacho hakipo tena? Na alaumiwe nani? Mimi nilihesabu sawa. Mwandishi wa barua naye hakuijua miguu yangu, na Mzee Bujiku aliniambia. Nilizunguka na maswali hayo wiki, mwezi, halafu nikaona aibu ya kuchelewa imekuwa kubwa kuliko aibu ya kukosea. Sikwenda. Nimesema, nanyi mmesikia.

Nilibaki pale misimu mingine kumi kabla ya kuhamishwa. Nilijitengenezea kamba yenye mafundo, na hatua sikupima nazo tena hata umbali wa choo. Nilimtembelea Mama Minza kama nilivyowatembelea wengine. Tulisalimiana, tulizungumza mvua. Halafu nikazungushwa vituo, Kisesa, ng'ambo ya Busisi, nikarudishwa kata hii miaka mitatu ya mwisho. Hapo ndipo mliponikuta.

Wiki ile ya kukabidhi ofisi nilikuwa nafuta vumbi kabatini, nikalikuta daftari jeusi. Nikakaa sakafuni kulisoma, kwa kujifurahisha tu. Nikafika mstari wa Mama Minza. Mwandiko ni wangu. Kwenye nafasi ya maoni, msimu baada ya ule wa funza, nimeandika: Amechelewa kupanda. Ameshauriwa. Msimu uliofuata: Amechelewa kupanda. Ameshauriwa. Unaofuata tena: Amechelewa sana. Ameshauriwa kwa mkazo. Mara kumi. Juu ya mistari yangu kuna mwandiko wa Mzee Bujiku, na kila mwaka ameandika neno moja tu: Wa kwanza.

Nilikaa pale chini mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa nini mtu aliyekuwa wa kwanza kupanda aanze kuchelewa mwaka mmoja na asiache tena? Mtoto wa darasa la pili angejibu. Ng'ombe mmoja halimi.

Kesho yake nilimwomba Neema, mdogo wenu kuliko wote, anipeleke kwa pikipiki. Mama Minza amezeeka lakini hajapinda. Neema alilizunguka shamba akilipima kwa simu yake ndani ya dakika kumi, simu ikasema eka nne na kitu. Nikaketi na Mama Minza kwenye vigoda nje ya nyumba.

"Mama, shamba lako ni eka nne."

"Najua."

"Mwaka ule nilikukosea. Ni miguu yangu. Ulistahili dawa."

"Nilisikia. Ulipopimwa na yule wa wilayani, kijiji kizima kilisikia." Alicheka kidogo. "Nilikuwa nakungoja uje uniambie."

Nikamuuliza juu ya kuchelewa kupanda. Akanieleza bila hasira, kama anayeeleza njia ya kisimani. Baada ya kumuuza Dereva, jirani yake Mzee Shija alikuwa na dume mmoja tu, wakamfunga pamoja na Konda. Jembe lilikuwa la Shija, kwa hiyo lilianza kwa Shija, likaenda kwa wake zake, likaenda kwa mkwewe, ndipo likaja kwake, mvua ya kwanza imeshapita. Konda alipokufa ikawa kukodi, na mwenye kukodi hulimiwa baada ya wenye ng'ombe wao. Jozi nyingine hakuipata tena.

"Lakini nilikuja kwako kila msimu," nikasema, na machozi yalikuwa yananitoka mbele ya Neema. "Kila msimu, mama. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Bibi Shamba. Ulikuwa unanishauri."

Akaingia ndani, akarudi na karanga za kuchemsha kwenye kisonzo, kikapu kidogo cha kusuka, akamwekea Neema na kuniwekea mimi. Tulikula. Baadaye akaniuliza kama lile daftari bado lipo. Nikamwambia lipo kwenye mkoba. Nilikuwa nimelibeba, hata sijui kwa nini.

"Basi andika," akasema.

Nikaandika hapo hapo, naye akinisimamia kama nilivyokuwa nawasimamia watu wa betri. Daftari nimelirudisha kabatini, rafu ya chini. Mkilifungua mtakuta yale maoni kumi nimeyapiga mstari, na pembeni nimeandika moja kwa ajili ya yote: Hakuchelewa. Alikuwa anasubiri ng'ombe. Mimi ndiye niliyechelewa.